Unanunua Dizeli ya Nini Wakati Safari Yako Inaishia Mwenge?

Wadau, leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Ila bado tunaongelea mastaa, na kama kawaida yangu simtaji mtu jina, kwa hiyo msianze kubahatisha huko kwenye komenti. Leo tunaongelea injini. Ndio, injini. Usikimbie, ina hela yako ndani.

Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, siku ya besdei yake alizindua Prado nyeupe. Mliiona wote. Utepe mwekundu juu ya boneti, keki ya ghorofa tatu, mama mzazi analia machozi ya furaha. Jamaa akaipiga moto, akapandisha moto kidogo ule mngurumo usikike, akaiambia kamera kwamba hiyo ni dizeli, sio zile za petroli za watu wa mkopo. Ile kauli ilitembea mji mzima. Vijana wakaigeuza msemo.

Miezi mitano baadaye gari hiyohiyo ikaonekana Mwenge juu ya brekidauni, saa kumi na moja jioni, foleni imesimama na kila mwenye simu anarekodi. Komenti zikamiminika. Mara gari ilikuwa ya kuazima imerudi kwa mwenyewe, mara kiki imeishiwa mafuta, mara ushuru haujalipwa. Na mimi nilicheka, niliposti, nikapata laiki zangu nikalala.

Kumbe gari ni yake, kadi ina jina lake, na ushuru umelipwa mpaka shilingi ya mwisho. Kilichoiangusha ni ratiba yake. Anakaa Mbezi Beach, studio Sinza, usiku Masaki, anarudi kulala. Hata Kibaha ile gari ilikuwa haijafika. Amenunua injini ya kwenda Mwanza akaipeleka Sinza kila siku, injini ikagoma.

Msimamo wangu ni huu: injini ya gari ya 4WD haichaguliwi kwa sifa, inachaguliwa kwa barabara unayopita Jumatatu hadi Jumamosi. Kwa wengi wetu tunaosoma hapa, tunaoishi mjini na kutoka nje ya mji mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Krismasi, dizeli ni ndoa mbaya. Na kwa wale ambao kweli wanakula lami na vumbi, kununua petroli eti kwa sababu iko kimya ni kujiibia. Nitaeleza yote mawili.

TOFAUTI IKO WAPI HASA

Sijasomea ufundi, niliishia kidato cha nne. Haya nimeyaokota gereji na kwa kusoma mwenyewe, kwa hiyo nayaeleza nilivyoyaelewa.

Injini ya petroli inachanganya mafuta na hewa, plagi inapiga cheche, mchanganyiko unawaka. Dizeli haina plagi ya cheche. Inaminya hewa peke yake kwa nguvu mpaka hewa inakuwa ya moto sana, halafu nozeli inanyunyiza dizeli humo ndani na inawaka yenyewe. Mjerumani anaitwa Rudolf Diesel ndo alibuni kitu hiki miaka ya 1890, na jina likabaki lake.

Petroli inaminya hewa mara kumi hivi. Dizeli inaminya mara 15 mpaka 20 hivi. Ndo maana injini ya dizeli ni nzito, inajengwa imara, inanguruma, na ina nguvu ya kuvuta hata ikiwa inazunguka taratibu. Chukua Prado ya 2.8 dizeli: inatoa Nm 450 za kuvuta kuanzia mizunguko 1,600 kwa dakika. Ile ya 2.7 petroli inatoa kama Nm 246, na mpaka uzipate inabidi uikanyage ifike karibu mizunguko 4,000. Weka watu saba na mizigo, panda Kitonga, utaelewa namba hizo zinamaanisha nini.

Pia lita moja ya dizeli ina nishati nyingi kuliko lita ya petroli, na injini yake inaitumia vizuri zaidi. Kwa hiyo wanaosema dizeli inakula kidogo hawajadanganya.

Ila hiyo nguvu ina bei yake. Dizeli ya kisasa inasukuma mafuta kwenye nozeli kwa presha inayozidi mara 500 ya presha ya tairi lako. Vitundu vya nozeli ni vidogo sana. Kuna turbo, kuna pampu ya presha kubwa, kuna kompyuta inayosimamia yote. Kila kimoja hapo kikiumwa kinaumwa kwa mamilioni.

KILICHOMKUTA STAA WETU WA BESDEI

Dizeli inatoa masizi. Gari mpya za dizeli zina kichujio kwenye eksozi kinachokamata hayo masizi yasitoke nje. Mafundi wanakiita DPF. Kichujio kikijaa, gari inakisafisha yenyewe kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue joto linatakiwa lifike kama nyuzi 600. Joto hilo unalipata gari ikitembea mwendo mzuri bila kusimama-simama, robo saa au zaidi.

Sasa niambie, kati ya Mbezi Beach na Sinza saa mbili asubuhi, robo saa ya kutembea bila kusimama utaipata wapi? Gari inaanza kuchoma masizi, unafika unazima. Kesho inaanza tena, unazima tena. Masizi yanajaa, taa inawaka kwenye dashibodi, dereva anaona ni taa tu. Baadaye gari inajipunguzia nguvu yenyewe, haipandi hata tuta. Mwisho wake ni brekidauni Mwenge.

Halafu kuna kitu kingine watu hawaambiwi yadi. Prado za dizeli za 2.8 zilizouzwa Japan kuanzia 2015 zina tenki dogo la pili, la maji maalumu yanaitwa AdBlue, ya kusafisha moshi. Yakipungua gari inakuonya mapema. Ukipuuza mpaka yakaisha, ukizima haiwaki tena. Dalali atakuonyesha viti vya ngozi, paa la kioo na kamera ya nyuma. Tenki la AdBlue utalijua siku unayoshindwa kutoka getini.

Wengine wanasema dawa ni kumwita fundi akitoboe kichujio na kuiongopea kompyuta. Inafanyika sana mjini. Nitarudi hapo chini, maana hiyo nayo nina neno nayo.

DADA WA PRADO YA PETROLI, SAMAHANI SANA

Sasa twende kwa staa wa pili. Ni mwigizaji, dada mmoja mpole tu. Yeye alinunua Prado 150 ya 2.7 petroli. Mtandaoni alichambwa wiki nzima: eti hiyo ni Prado ya njaa, moyo wa Noah kwenye mwili wa Prado, aibu kwa mjini. Mimi sikumtetea.

Watu wengi waliomchamba hawajui hiki. Prado 150 ilipoanza kuuzwa Japan mwaka 2009 haikuwa na dizeli kabisa. Wajapani waliuziwa 2.7 petroli ya silinda nne na 4.0 petroli ya V6. Dizeli ya 2.8 ililetwa kwao 2015. Uingereza wao walipewa dizeli ya 3.0. Kwa hiyo ukiona Prado ya 2010 iliyotoka Japan na ni ya petroli, usiseme aliyeagiza kaishiwa. Hata mwenye nayo wa kwanza kule Japan hakuwa na chaguo la dizeli.

Na yule dada anaishi maisha gani? Mikocheni, kumpeleka mtoto shule, saluni, shughuli Kinondoni, shuting Kigamboni. Gari yake ina plagi nne. Haina turbo, haina kichujio cha masizi, haina AdBlue. Inakunywa, ndio inakunywa, hilo halina ubishi. Ila mpaka leo hakuna aliyeirekodi juu ya brekidauni. Na watu waliomcheka wengi wao wako kwenye daladala, kama mimi.

MC WA MIKOANI NAYE KATELEZA

Wa tatu ni MC mmoja anayezunguka na matamasha. Huyu ndo kanifanya nisiseme petroli ni bora siku zote. Yeye ana 4.0 ya V6, petroli, kwa sababu alisema dizeli inapiga kelele na yeye anataka kulala njiani. Lakini mwezi haupiti hajaenda Mwanza mara mbili, Mbeya mara moja, nyuma kabeba spika na jenereta.

Hesabu ni hivi. EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hapa kwetu petroli na dizeli zinafukuzana, mwezi huu hii iko juu, mwezi ujao ile. Kwa hiyo tuseme zote ni shilingi 3,000 kwa lita ili tusichoshane. Dar mpaka Mwanza ni kama kilomita 1,150, kwenda na kurudi 2,300. Tuseme V6 yake barabarani inampa kilomita 7 kwa lita: hapo anaunguza lita 329. Dizeli ingempa tuseme kilomita 11: lita 209. Tofauti ni lita 120, yaani 360,000 kwa safari moja. Mara mbili kwa mwezi ni 720,000. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni nane na nusu, Mwanza peke yake, Mbeya hatujaigusa.

Yaani huyu angelala njiani kwenye dizeli, akaamka na kiwanja. Na lile tatizo la kichujio asingeliona, maana gari inayotoka Dar inalala Singida inachoma masizi yake yote kabla hata haijafika Morogoro.

HESABU YA MTU WA MJINI

Sasa tugeuze. Wewe unatembea kilomita 30 kwa siku mjini, siku 26 kwa mwezi. Jumla kilomita 780. Tuseme ya petroli kwenye foleni inakupa 7 kwa lita: lita 111. Ya dizeli inakupa 10: lita 78. Umeokoa lita 33, kama shilingi laki moja kwa mwezi. Milioni moja na laki mbili kwa mwaka. Sio haba.

Lakini ya dizeli uliinunua ghali zaidi, maana dalali anajua ina soko. Tuseme ilizidi milioni nane tu. Gawanya: ni karibu miaka saba ndo unarudisha ile nyongeza, na hapo ni kama haikuumwa hata siku moja. Nozeli zikigoma mara moja, ongeza miaka mingine. Hizo namba zangu ni za mfano. Chukua simu, weka kilomita zako na bei uliyotajiwa na dalali, upige mwenyewe. Sidhani kama wengi wetu tunapiga hiyo hesabu. Tunapiga picha.

KAKA YANGU

Nilitaka nisiandike hii sehemu.

Nina kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Anauza vifaa vya simu Kariakoo, anakaa Tabata na mke na watoto wawili. Alikuwa na kiwanja Chanika, alikinunua kidogo kidogo kwa miaka minne. Ile video ya besdei ya msanii aliiona. Akaniita, akaniambia, "Dogo, mwanaume ni dizeli." Nikacheka, nikamwambia kweli kaka.

Akauza kiwanja. Akaongezea akiba, akanunua Surf ya 3.0 dizeli, namba C, kwa mtu mjini. Gari inang'aa, rimu kubwa, muziki mkubwa. Hakwenda na fundi kuikagua, alikwenda na mimi. Mimi najua nini? Nilipiga picha.

Mwezi wa nne ikaanza kugonga asubuhi ikiwashwa, na kutoa moshi mweupe. Tukaipeleka Gerezani kwa mzee mmoja anayejua dizeli. Tukamwamkia, akaitika, akainama akaisikiliza kama dakika mbili bila kusema kitu. Halafu akamuuliza kaka, "Bwana mdogo, unakwenda wapi na gari hii?" Kaka akasema Tabata na Kariakoo. Mzee akasema, "Kila siku?" Kaka akasema kila siku. Mzee akafuta mikono. Akasema nozeli zote nne zimekwisha, mpya ni milioni tatu na laki mbili, bila ufundi.

Hakuwa nayo. Akaweka za mtumba. Zikaenda wiki sita. Moja ikawa inamwaga dizeli badala ya kunyunyiza, pistoni ikatoboka. Mpaka leo ile Surf iko juu ya mawe nyuma ya nyumba, watoto wanaichezea, wanapiga honi isiyolia.

Na ile video ya besdei, aliiona kwenye ukurasa wangu mimi. Niliiwekea maneno "hii ndo maana ya kutoboa". Hakuna aliyemlazimisha, ni mtu mzima, ananiambia hivyo hivyo nikimuomba msamaha. Ila mwezi uliopita tulipita Chanika kwenye msiba. Aliyenunua kile kiwanja ameshafika kwenye lenta. Shemeji aliangalia nje ya dirisha mpaka tukafika.

MNAOSEMA DIZELI HAIFI

Najua mtakuja. Mtasema Land Cruiser mkonga za dizeli zimezunguka wilayani miaka 30 na bado zipo. Kweli kabisa. Ile injini ya 1HZ, 4.2, silinda sita, imeanza 1990 na haina hata turbo. Fundi wa kijijini anaifungua chini ya mwembe. Ndo maana watu wa utalii Arusha wanaipenda kwa Serengeti. Inavuta, inavuka mito ikiwa na ule mkonga wake wa kuvutia hewa juu, na huko porini dizeli inapatikana hata kwenye pipa, maana matrekta na mashine za kusaga zinaitumia.

Lakini hiyo sifa ni ya babu, mjukuu anaivaa tu. Dizeli unayouziwa yadi leo ina kompyuta, ina vichujio, ina nozeli za presha kubwa. Jina ni moja, tabia sio moja. Hiyo mpya inataka mafuta safi na inataka kutembea.

Na mafuta safi ni hadithi nyingine. Mnakumbuka neno kuchakachua lilivyopata umaarufu? Watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa sababu yalikuwa rahisi. EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta 2010, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Mambo yamekaa vizuri zaidi sasa, na tangu 2015 dizeli inayoingia Afrika Mashariki inatakiwa iwe na salfa kidogo sana. Ila ile dizeli ya kwenye dumu barabarani, inayouzwa nusu bei na kijana aliyekaa chini ya mti, usiipe injini ya kisasa. Injini ya babu ingeikohoa ikaendelea. Hii haikohoi, inakufa.

SASA NIRUDI KWA WANAOTOBOA KICHUJIO

Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 2012. Sio kundi la "huenda", ni kundi la "vinasababisha". Kile kichujio unachokitoboa kipo kwa sababu hiyo.

Wenzetu walipigana na hili zamani. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari na chupa ya masizi yaliyotoka kwenye magari ya dizeli. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani wakaanza kuyazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango cha moshi. Sisi tunaagiza gari iliyotengenezwa baada ya vita hiyo, ikiwa imefungwa kila kitu cha kulinda watu, halafu tunaitoboa gereji ili tuendelee kwenda nayo saluni. Anayekula yale masizi ni mama wa chipsi pale kituoni, ni bodaboda aliyesimama nyuma ya eksozi yako, ni watoto wa shule wanaosubiri kuvuka. Wao hata laiki hawakukupa.

Kama gari haiwezi kuishi na maisha yako mpaka uikate kiungo, basi hukununua gari yako. Ulinunua ya mtu mwingine.

KABLA HUJATOA HELA

Mimi sio fundi, ila haya ndo maswali ninayojiuliza sasa hivi, na ndo ningemuuliza kaka yangu kama ningekuwa na akili hii siku ile.

Kwa wiki unatembea kilomita ngapi nje ya foleni? Sio ndoto zako, ni wiki iliyopita. Kama jibu ni sifuri au safari moja ya Bunju, chukua petroli, tena ile ndogo ya silinda nne. Usidanganywe na V6 wala V8 kama bado unahesabu hela ya vocha.

Unabeba nini, unavuta nini? Kama una shamba Kilombero, unapanda milima na mizigo, unavuta trela, unazunguka mikoani kwa kazi, chukua dizeli na usimsikilize mtu. Utarudisha hela yako.

Una akiba ya ugonjwa? Dizeli ya kisasa ukiinunua kwa hela yote uliyonayo, umeshaikosea tayari. Tenga ya nozeli pembeni kabla hujalipia gari. Kama hiyo akiba haipo, gari hiyo bado sio yako.

Nani anakwenda kuikagua? Fundi, na sio fundi wa dalali. Iwashwe asubuhi ikiwa baridi kabisa, maana injini ya dizeli iliyoshapashwa moto inaficha ugonjwa. Ukifika ukakuta boneti lina joto, rudi kesho. Ipimwe na mashine. Kama ina DPF, uliza kama bado kipo. Kama ina AdBlue, uliza lini kaweka mara ya mwisho uone kama anajua unachoongea.

Na kama tayari una dizeli mjini na huwezi kuiuza, usikate tamaa. Mara moja kwa wiki itoe. Nenda Bagamoyo, nenda Chalinze, itembee vizuri bila kusimama, irudi. Weka mafuta kwenye sheli inayoeleweka. Badilisha oili na chujio la dizeli kwa wakati. Na chondechonde, hakikisha mtu wa pampu hajakuwekea petroli, maana hiyo kwenye dizeli ni msiba. Ikitokea usiwashe kabisa, ivutwe, tenki limwagwe.

Yule msanii wa besdei, nasikia gari imepona, na sasa kila Jumapili anaipeleka Bagamoyo. Watu wanamposti wakisema ana mchepuko huko. Hana mchepuko, anachoma masizi. Nilimtumia meseji ya kumuomba radhi kwa ile video ya Mwenge. Aliisoma, hajajibu, na ana haki.

Kwa yule dada wa 2.7, nakuomba radhi hapa hadharani. Ulipiga hesabu wakati sisi tunapiga kelele.

Kaka yangu anatafuta mtu wa kununua ile Surf kama spea. Bodi nzima, gia inaingia vizuri, muziki mkubwa upo. Injini mjue mapema, imekufa. Anayehitaji aniandikie hapo chini. Na wengine mniambie kweli bila aibu: gari yako ni ya dizeli au petroli, na wiki iliyopita ulifika nayo wapi?